Shilingi milioni moja: stika ya gari lako Uganda inalipa nini hasa

Trafiki akikusimamisha Lukaya au Mukono, jicho lake hukimbilia kioo cha mbele. Stika ipo, tarehe haijapita, unapungiwa mkono uende zako. Madereva wengi hapa Uganda wanaijua bima kwa kiwango hicho tu: kikaratasi cha kumaliza mazungumzo na askari. Ndiyo maana kila mtu hutafuta ile ya bei ya chini kabisa, popote inapouzwa, na hakuna anayejisumbua kusoma inamlipa nani.

Tuisome basi. Stika hiyo, ambayo mitaani tunaiita thadi pati, inatokana na sheria ya mwaka 1989 inayomlazimu kila mwenye gari au pikipiki kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine barabarani. Inalipa kitu kimoja: mtu mwingine akiumia au akifa kwa sababu ya gari lako. Na malipo hayo yana dari. Mtu mmoja hapati zaidi ya shilingi 1,000,000. Ajali nzima, hata iwe na majeruhi wangapi, haipati zaidi ya shilingi 10,000,000.

Piga hesabu ya takisi yenye abiria 14 iliyopinduka Mabira, wote wakaumia. Milioni 10 ukiigawa kwa watu 14, kila mmoja anaondoka na shilingi 714,000 na kitu. Mwaka 1989 milioni moja ilikuwa pesa nzito. Leo mtu aliyevunjika paja na anayehitaji kuwekewa chuma katika hospitali binafsi ya Kampala atamaliza hiyo milioni kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Jirani zetu Kenya, sheria yao kama hiyohiyo imeweka kikomo cha shilingi 3,000,000 za Kenya kwa kila mtu, ambazo ukizibadilisha ni zaidi ya milioni 70 za kwetu. Barabara ni ileile ya Mombasa hadi Kampala, malori ni yaleyale, lakini ukigongwa hatua chache baada ya kuvuka Malaba thamani ya mguu wako inashuka namna hiyo.

Sasa yale ambayo stika haiyagusi kabisa. Hailipi mali. Ukivunja bampa la mwenzako, ukuta wa mtu, kibanda cha rolex (chapati ya mayai) au nguzo ya umeme, hilo ni lako. Ukimgonga ng'ombe wa Ankole barabara ya Mbarara, mwenye ng'ombe atafika kabla ya polisi na bei anaijua kichwani, nayo ni yako pia. Hailipi gari lako. Haikulipi wewe dereva, kwa sababu wewe si mtu mwingine kwa bima yako mwenyewe. Na kwa watu uliowapakia bure katika gari binafsi, uliza kampuni kabla ya kulipa, na jibu ulitake kwa maandishi, maana hapo ndipo maneno ya wakala na maneno ya mkataba huachana njia.

Kwa hesabu hiyo mimi husema hivi, na najua mawakala hawapendi: gari lenye stika peke yake ni gari ambalo karibu halina bima. Tofauti yake na lile lisilo na stika kabisa ni milioni moja kwa kila majeruhi.

Akikugonga asiye na bima

Sheria haimwachi mwathirika hivihivi. Anaweza kumshitaki dereva, na anaweza kumshitaki mwenye gari pia ikiwa dereva alikuwa kazini kwake au ametumwa naye. Tuseme mahakama imeamua fidia ya milioni 30. Kama alikuwa na stika, kampuni ya bima ikitoa milioni yake moja, zinabaki 29; kama hakuwa nayo, zinabaki zote 30. Hizo zinatoka kwa mwenye gari: kiwanja chake Wakiso, gari lingine, akiba ya chama. Kama hana kitu, hukumu unayo mkononi lakini hailiki.

Kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya kugongwa ni kujua umegongwa na nani hasa. Dereva wa takisi au bodaboda mara nyingi si mwenye chombo. Analeta hesabu jioni kwa tajiri asiyeonekana. Ukiandika jina la dereva na namba ya simu tu, wiki ijayo simu imezimwa na huna pa kuanzia.

Pale pale kwenye ajali, baada ya kuhakikisha majeruhi wanahudumiwa na umepiga 999 au 112, toa simu upige picha kabla magari hayajasogezwa. Piga ya mbali kwanza, hatua kama 20, ionyeshe barabara nzima, mistari, kona na kila gari lilipo. Halafu sogea: namba za mbele na za nyuma, alama za breki kwenye lami, vioo vilivyomwagika (vinaonyesha mahali pa kugongana kuliko magari yenyewe, ambayo huteleza baadaye). Kisha kioo cha mbele cha mwenzako. Stika ipigwe kwa karibu hadi herufi zisomeke: jina la kampuni, namba ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha, namba ya gari. Linganisha namba iliyo kwenye stika na iliyo kwenye bampa. Stika iliyohamishwa kutoka gari lingine si jambo geni, na kwa macho ya haraka inafanana na halali.

Piga pia picha ya leseni ya dereva pande zote mbili. Angalia daraja la leseni. Mtu mwenye daraja B, la magari madogo, akiendesha basi, kampuni yake ya bima imeshapata sababu ya kubishana, na wewe ni vizuri ujue mapema kwamba vita vyako vitakuwa virefu.

Magari yasiondolewe mpaka polisi wachore ramani ya ajali, isipokuwa kama kuna mtu wa kuokoa. Baada ya hapo gari lako litakaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi, yule wanayemwita IOV, na ripoti yake ni karatasi ambayo kampuni yoyote ya bima itaidai. Usipeleke gari kwa fundi kabla hajalikagua. Fundi akishanyoosha bonneti, mkaguzi anaandika anachokiona, na anachokiona ni bonneti iliyonyooka.

Halafu kuna kuelewana. Ajali ndogo nyingi Kampala huishia hapo: "Boss, tuyamalize hapahapa, jam inakua." Sina ugomvi na kuelewana kama ni taa ya nyuma na hakuna aliyeumia. Lakini kama kuna mtu ameanguka, hata akisimama na kusema yuko sawa, usimalize. Damu inayovuja ndani ya kichwa inaweza kujitokeza kesho yake, na wewe utakuwa umeondoka mahali pa ajali bila ripoti. Pia mikataba mingi ya bima inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua. Ukisema "nitalipa mimi" mbele ya watu, umeifungulia kampuni mlango wa kutoka.

Mkielewana, yaandikwe. Majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho vya taifa, namba ya magari yote mawili, kiasi, tarehe ya mwisho ya kulipa, sahihi za wote wawili na shahidi, ikiwezekana mbele ya polisi. Pesa zipite kwa mobile money au benki ili ziache alama. Karatasi hiyo ina faida kubwa: inageuza ugomvi wa nani alikosea kuwa deni la kawaida. Deni lisilozidi shilingi milioni 10 unaweza kulipeleka kwenye utaratibu wa madai madogo katika mahakama ya hakimu, bila wakili. Bila karatasi, unarudi kuthibitisha ajali upya tangu mwanzo.

Muda nao unakimbia. Dai la kuumia mwilini kwa uzembe wa mtu lifunguliwe mahakamani ndani ya miaka 3. Kama gari lililokugonga ni la Serikali, ni miaka 2.

Bima kubwa, na mahali pesa zinapovujia

Njia ya uhakika ya kujikinga na asiye na bima ni kuwa na bima kubwa yako mwenyewe. Hiyo inatengeneza gari lako bila kujali aliyekugonga ana nini mfukoni; kampuni ndiyo itakayomfuata. Ndiyo maana napenda kusema bima kubwa ni ya kujikinga na umaskini wa wenzako barabarani kuliko makosa yako.

Bei yake huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuseme umepewa asilimia 4 kwa Premio ya milioni 40. Hiyo ni 1,600,000. Usishangae risiti ikisoma zaidi: kuna VAT ya asilimia 18, ambayo ni 288,000, kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.5, ambayo ni 8,000; unafika 1,896,000, na bado ushuru wa stempu na gharama ya stika yenyewe. Ukilinganisha kampuni mbili, linganisha jumla ya mwisho, kwa sababu wakala mmoja atakutajia asilimia tupu na mwingine atakutajia kila kitu, na wa pili ataonekana ghali bure.

Hapa ndipo watu hufanya ujanja ambao huwarudia: wanashusha thamani ya gari ili asilimia ishuke. Premio ya milioni 40 inaandikwa milioni 25. Kwa asilimia 4 umeokoa 600,000, na VAT juu yake. Unatembea umefurahi. Halafu gari linagongwa ubavuni, gereji inasema milioni 8. Kama mkataba wako una kifungu cha uwiano, na mingi inacho, kampuni inasema hivi: uliweka bima sehemu ya 25 kwa 40, yaani asilimia 62.5 ya gari, basi tutalipa asilimia 62.5 ya hasara. Hiyo ni milioni 5. Toa kiasi unachobeba mwenyewe, tuseme asilimia 10, yaani 500,000. Umebaki na milioni 4.5, na gereji inadai 8. Laki sita ulizookoa zimekula karibu milioni tatu.

Kupandisha nako hakusaidii. Ukiandika milioni 60 kwa gari la milioni 40, likiibiwa utalipwa bei ya soko ya siku hiyo, si 60. Ada ya hizo 20 za hewani umeitoa sadaka. Dawa ni ripoti ya mthamini aliyekubaliwa na kampuni, ifanywe mwanzoni kabisa, na irudiwe kila unapohuisha bima kwa sababu gari linashuka bei kila mwaka. Kama umefunga rimu mpya, redio kubwa au kifuatiliaji, hakikisha mthamini ameviandika kimojakimoja. Kisichoandikwa hakikuwepo.

Kile kiasi unachobeba mwenyewe, wengine hukiita eksesi, kisome mara mbili. Huandikwa kwa namna kama hii: asilimia 10 ya dai, lakini kisipungue kiasi fulani. Ni hilo "kisipungue" linalouma. Kikiwa 500,000, na mtu akakukwaruza mlango kwa 700,000, utapata 200,000. Juu yake utapoteza punguzo la mwaka ujao la kutodai. Mkwaruzo kama huo lipa mwenyewe, peleka mlango kwa fundi wa rangi, yaishe. Lakini toa taarifa kwa kampuni hata kama hudai, iwapo kuna gari la pili, kwa sababu huyo wa pili anaweza kukumbuka kuumwa na shingo miezi miwili baadaye.

Kwa wizi, kiasi hicho mara nyingi huwa tofauti, na huwa kikubwa zaidi kama gari halina kifuatiliaji au alamu. Vioo vya pembeni, taa na kompyuta ya injini, vitu vinavyochomolewa kwenye foleni au usiku pale ulipoegesha, vina kikomo chao kidogo peke yake katika mikataba mingi. Kioo cha mbele vilevile. Uliza kikomo cha kila kimoja. Kwa Harrier, kioo cha pembeni chenye kamera na injini ya kukunjia si bei ya kile cha Corona, na kikomo kilichowekwa kwa magari yote sawasawa kinaweza kulipa nusu yake.

Ukiona bima kubwa haishikiki, au gari ni la zamani kiasi kwamba kampuni zinalikwepa, kuna ile ya katikati: thadi pati ikiongezwa moto na wizi. Haitengenezi bampa lako. Lakini kuna nyongeza moja ningeinunua hata kabla ya wizi, nayo ni ulinzi wa mali ya mtu mwingine, wenye kikomo cha mamilioni kadhaa. Gari la milioni 8 linaweza kuligonga Land Cruiser ya milioni 250, na huyo mwenye Land Cruiser ana kampuni ya bima yenye mawakili.

Kijana wa woshingi bei na mambo mengine yanayoua madai

Angalia jambo hili kwa karibu. Umepeleka gari kuoshwa Ntinda. Umekaa kwenye benchi na chai yako. Kijana mwenye gamubuti anafungua mlango, anawasha gari, analirudisha nyuma mita nne ili apishe jingine, na taa ya nyuma inaingia kwenye nguzo. Hana leseni. Katika mkataba wako kuna mstari unaosema gari liendeshwe na mtu mwenye leseni halali ya daraja hilo, kwa ruhusa yako. Ruhusa ulimpa ulipoacha funguo. Leseni hana. Dai limekufa, na kampuni haijakuonea. Funguo baki nazo, gari lisogeze mwenyewe. Kwa gereji ni hivyohivyo: uliza kama gereji ina bima yake ya magari ya wateja, kwa sababu fundi akilipeleka "testi" hadi Najjera, hiyo si safari ya kwako.

Leseni yako iliyoisha wiki iliyopita ni shimo lilelile. Kuna wanaokumbuka kuhuisha stika lakini leseni wanaiona siku askari anapoigeuza. Mikataba mingine huongeza masharti kwa dereva aliye chini ya umri fulani au aliyepata leseni majuzi. Kiasi cha kubeba mwenyewe kwa huyo huongezeka. Kijana wako akianza kuendesha, mwandikishe.

Halafu matumizi. Bima ya gari binafsi ni ya kwenda kazini, kanisani, msikitini, shule na kijijini. Ukiingiza gari hilo kwenye programu ya kubeba abiria, au ukalifanya la kukodi jioni baada ya kazi, au ukajaza Noah magunia ya mahindi ya kuuza soko la Owino, umebadilisha matumizi. Abiria mmoja aliyelipa nauli anatosha. Tofauti ya ada kati ya gari binafsi na la biashara inauma, ndiyo, lakini unapolipa ada ya gari binafsi kwa gari la biashara umenunua karatasi. Mkadiria hasara siku hizi anauliza swali moja tu kwa abiria: "Ulilipa shilingi ngapi?"

Mvua nayo. Bwaise na pale Clock Tower maji yakijaa, gari linazimika katikati. Dereva anafanya kile ambacho mkono wake umezoea: anazungusha ufunguo tena. Injini iliyokuwa imevuta maji kwenye silinda inajaribu kuyabana, na maji hayabaniki kama hewa. Koni rodi zinapinda, wakati mwingine moja inatoboa bloku. Bima yenye nyongeza ya mafuriko inaweza kulipa kusafisha viti, nyaya na kubadilisha oili. Injini iliyokufa kwa sababu uliiwasha ndani ya maji itabishaniwa sana, kwa kuwa hasara hiyo uliiongeza wewe. Likizimika majini, ondoa terminali ya betri ukiweza, sukuma, ita gari la kuvuta. Na kwanza hakikisha mafuriko yamo kwenye mkataba. Kwa baadhi ya kampuni ni nyongeza ya kulipia, sawa na ghasia na vurugu za kisiasa, ambazo mwaka wa uchaguzi watu wote huzikumbuka kwa pamoja.

Kuhusu karatasi zenyewe: linganisha namba ya chesi kwenye bima na ile ya logbuku (kadi ya umiliki wa gari), herufi kwa herufi. Magari yetu mengi yametoka Japani na namba zake ni fupi, zina kistari katikati, na mtu anayechapa haraka hula tarakimu moja. Linganisha namba ya injini pia, hasa kama uliwahi kununua injini ya mtumba Kisekka. Kama logbuku bado ina jina la aliyekuuzia, badilisha kabla ya kununua bima kubwa, maana mlipwaji lazima awe na maslahi katika gari. Na wewe uliyeuza ukaacha jina lako humo, ajali itakayofanywa na mnunuzi itaanza kubisha hodi kwako.

Kununua, kudai, kulalamika

Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, hutoa kila mwaka orodha ya kampuni, madalali na mawakala wenye leseni. Angalia orodha ya mwaka huu, si ya juzi. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye simu ya wakala, na usiondoke na "risiti inakuja". Ukishapata stika, piga simu kwa kampuni kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, wasomee namba ya bima, waulize gari gani limeandikwa. Dakika tano. Stika bandia hupita kwa trafiki aliyechoka. Haipiti kwa mtunza madai.

Ukilipa kwa awamu, weka kumbukumbu ya tarehe. Awamu isipoingia, ulinzi husimama, na hakuna anayekuja kubandua stika kwenye kioo ili ujue.

Siku ya kudai, toa taarifa haraka iwezekanavyo, siku hiyohiyo au kesho yake, hata kwa ujumbe wa simu unaobaki na tarehe. Andaa ripoti ya polisi, ripoti ya IOV, leseni, logbuku na zile picha. Gereji ikishateuliwa, omba nakala ya orodha ya kazi na spea iliyoidhinishwa. Uliza kila spea: mpya au ya mtumba? Mkataba unasema nini? Kwa gari la miaka mingi kampuni inaweza kukuomba uchangie unapowekewa kitu kipya mahali pa kilichochakaa, kama tairi au bomba la moshi.

Usitie sahihi hati ya kuridhika getini. Washa gari kwanza: taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi iwake kidogo kisha izime; ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu; isipowaka kabisa, huenda kuna mtu amechomoa balbu. Tembelea lami iliyonyooka, achia usukani kidogo uone linavuta upande gani. Tazama nafasi kati ya bonneti na fenda pande zote mbili, ziwe sawa. Rangi itazame juani, si chini ya bati. Washa AC na feni, sikiliza redieta, rudi baada ya dakika 20 utazame chini kama kuna maji.

Wanaovuka mpaka, Busia, Malaba, Katuna, Mutukula au Mpondwe, wanahitaji Kadi ya Njano ya COMESA juu ya bima ya hapa. Hununuliwa kwa kampuni yako kabla ya safari na haisimami peke yake. Bima ya nyumbani ikiisha, nayo imeisha. Inalipa madhara kwa watu wengine kwa viwango vya sheria ya nchi uliyoingia. Gari lako lenyewe likigongwa Eldoret au Kigali, kadi hiyo hailihusu; bima kubwa yako ndiyo iliyopaswa kuongezewa mipaka ya safari, na hilo huandikwa kabla hujaondoka. Hakikisha nchi unayokwenda haijakatwa mstari kwenye kadi. Na kama unapita nchi mbili ili ufike ya tatu, zote ziwemo.

Kampuni ikikataa dai, usikubali jibu la simu. Omba barua inayotaja kifungu cha mkataba. Ukataaji mwingine hulegea hapo, kwa sababu mtu anayelazimika kuandika namba ya kifungu hukisoma kwanza. Isipolegea, chukua barua hiyo, mkataba na ripoti ya polisi uzipeleke kitengo cha malalamiko cha IRA Kampala. Wanaita pande zote mbili, na kulalamika hakuna ada. Nenda na nakala, halisi zibaki nyumbani.